Sauti ya Mtoto Inapokataa Kusikika: Utatuzi wa Matatizo kwa Waandishi wa Hadithi za Watoto wa Miaka 8 Hadi 12

Anayemwandikia msomaji wa miaka 8 hadi 12, yaani mtoto aliye takriban kati ya darasa la tatu na la saba, ana shida moja ambayo mwandishi wa vitabu vya watu wazima haijui kwa ukali huo: msomaji wake huchoka kimyakimya. Mtoto hataandika barua ya malalamiko wala hatasema kwamba msimulizi hakumshawishi. Atakifunga kitabu, atakiweka juu ya kabati, na atatoka kwenda kucheza rede. Mwandishi hubaki akisifiwa na walimu na wazazi walionunua kitabu, huku yule aliyekusudiwa amekwisha kuikataa sauti iliyomo, yaani namna msimulizi anavyoona na kusema mambo.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili za sauti isiyomshawishi mtoto, na mifano yake ni ya Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria, kwa sababu huko ndiko waliko watoto ninaowafikiria ninapoandika. Jambo moja linapita katika dalili zote, nami naliamini kwa dhati: sauti haianzii kwenye msamiati. Inaanzia kwenye kile ambacho mtoto anakijua, anakitaka na anakitazama kwa wakati ule, na maneno hufuata baadaye. Mwandishi anayebadilisha maneno kabla ya kujiuliza msimulizi wake amesimama wapi anapaka rangi ukuta wenye ufa.

Mtoto wa miaka 10 anazungumza kama mgeni rasmi

"Elimu ni ufunguo wa maisha, hivyo sisi watoto tunapaswa kuzingatia masomo," anasema Kulwa katika ukurasa wa nne, na hakuna aliyemuuliza. Chanzo cha dalili hii mara nyingi ni hofu, wala si ukosefu wa kipaji. Mwandishi anahofia kwamba mzazi akifungua kitabu asione funzo atakirudisha alipokitoa, na hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa ngano tulizokulia zilimalizika kwa funzo na vitabu vingi vya watoto hununuliwa na watu wazima. Hata hivyo, inafaa kukumbuka kwamba katika ngano anayetoa funzo ni msimulizi, bibi aliyeketi na wajukuu, na kamwe si sungura mwenyewe. Sungura hana muda wa kuwaidhi, kwa sababu ana njaa na anatafuta upenyo wa kuingia shambani.

Pitia mswada na uweke alama kwenye kila sentensi ya mtoto ambayo wakubwa wote wangeikubali bila kufikiri, kisha uulize: anataka nini kwa kuisema? Kama hataki chochote, ifute. Kama anataka kitu, inaweza kubaki, na pengine ikawa sentensi bora ya ukurasa mzima, maana watoto kweli huyarudia maneno ya wakubwa ili wapate jambo. Kulwa anayemwambia baba yake kwamba elimu ni ufunguo wa maisha kwa sababu mkoba wa pacha wake Doto ni mpya na wake umechanika, amekwisha kupata sauti yake.

Kiswahili cha taarifa ya habari

Dalili hii huonekana hata kabla ya kusoma kwa makini: sentensi zimejaa "kutokana na", "hali iliyosababisha", "ambapo" na "aidha". Mtoto haanguki majini. Anakumbwa na tukio la kuanguka majini. Wengi wetu tunaandika Kiswahili kingi zaidi kazini kuliko tunachokisimulia nyumbani, na mkono hufuata ulichozoea.

Tiba ni kurudi kwenye vitenzi. Kiswahili kina ile -ka- inayosukuma tukio moja baada ya jingine, nayo ndiyo uti wa mgongo wa masimulizi ya mtoto: "Akashika kamba, ikamponyoka, akatumbukia chubwi, na sisi tukabaki tumeshika viatu vyake." Mambo manne yametokea, na hakuna kiunganishi hata kimoja cha ofisini. Tanakali za sauti kama chubwi na tifu zitumike pale zinapokuja zenyewe, kwa kuwa zikiwa katika kila aya msomaji wa miaka 11 huona kwamba anafanywa mdogo kuliko alivyo.

Mandhari ni mazuri lakini hayana mtu anayeyatazama

Hii ndiyo dalili inayonishughulisha kuliko zote, kwa sababu huwapata hata waandishi hodari, na kwa sababu aya zenye ugonjwa huu huwa zinapendeza. Chukua sura inayoanzia sokoni Mwaloni, Kirumba, alfajiri. Mwandishi anaandika: "Mwaloni Kirumba ni kitovu cha biashara ya samaki jijini Mwanza, ambako wafanyabiashara wa dagaa kutoka ndani na nje ya nchi hukutana kila siku." Hakuna uongo hapo. Lakini anayeona ni nani? Ni mtu aliyesimama juu ya soko lote, mwenye takwimu mkononi, ambaye hana ndugu hata mmoja pale chini.

Mkabidhi sasa aya hiyo msichana wa miaka 11 aliyefuatana na mama yake:

"Mama amesema nisiondoke kwenye magunia. Nimekaa juu ya la katikati, kwa sababu la pembeni limelowa. Ukikaa hapa huoni nyuso, unaona miguu na ndoo. Mwenye ndala za bluu amepita mara mbili, na mara zote mbili amelibonyeza gunia letu kwa kidole, lakini hajauliza bei."

Soko lile lile limo, ila sasa lina mtu ndani yake. Msichana ana kazi aliyopewa, ana mahali alipokaa panapoamua anaona nini, na ana jambo dogo alilolishuku ambalo mama yake hajaliona. Hakueleza kwamba soko ni kubwa wala kwamba biashara ina hila, kwa sababu mtoto aliyezoea mwaloni haoni haja ya kulieleza soko, kama ambavyo hatueleziani kwamba ziwa lina maji.

Kabla ya kuandika mandhari yoyote, pata majibu ya maswali matatu: mtoto huyu ametumwa nini hapa, anaogopa kukosea nini, na urefu wake unamruhusu kuona hadi wapi? Swali la tatu hupuuzwa sana. Mtoto wa Mabatini ambaye nyumba yao imejengwa katikati ya miamba mlimani anaona mabati ya majirani kutoka juu na miguu ya wapita njia kutoka chini, na anajua jiwe lipi hupata joto mapema asubuhi. Mtu mzima anaijua miamba hiyo kama sifa ya jiji.

Wakati nao una urefu wa mtoto. Dagaa huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, na mbalamwezi inapokuwa kubwa taa hupoteza nguvu ya kuwavuta, hivyo wavuvi wengi hupumzika siku hizo. Mwandishi aliyesimama mbali ataandika kwamba kipato cha familia hupungua. Mtoto wa kaya ya wavuvi atasema kwamba mwezi ukiwa mkubwa chai haina maziwa lakini baba yupo nyumbani mchana kutwa, na kwamba hajui kama aupende mwezi huo au auchukie. Anayeandika sentensi ya pili hahitaji tena kuhangaika na msamiati wa kitoto.

Mtoto ni jasiri, lakini hakuna nyumba ambayo ingemvumilia

Kuna miswada ambayo mhusika mkuu hubishana na bibi yake uso kwa uso, akamaliza kwa kubamiza mlango. Msomaji wa Igoma au wa Nansio haamini. Anasubiri kofi, na kofi lisipokuja anajua kwamba nyumba hii imebuniwa na mtu asiyeijua. Upande wa pili kuna miswada ambayo mtoto ni mtiifu kiasi kwamba akigundua wizi anakimbia kwa mjomba wake askari, na kuanzia hapo mjomba ndiye anayeibeba hadithi hadi mwisho.

Dalili hizi mbili zinaonekana kupingana, lakini chanzo chake ni kimoja. Hadithi za umri huu zinadai kwamba mtoto ndiye atende na ndiye afikie suluhisho, na mwandishi amedhani kwamba kutenda maana yake ni kujibizana. Asipotaka kumfanya mtoto mtovu wa adabu, basi humnyang'anya hadithi yote. Amesahau namna watoto wa kwetu wanavyopinga, na wanapinga kila siku. Wanaitika kisha wanachelewa. Wanamtuma mdogo wao akaulize. Wanaomba ruhusa kwa baba wakati mama hayupo. Wanaamkia kwa sauti ya chini kuliko jana, na mkubwa anayeamkiwa anaelewa.

Tuseme Shija, aliyezaliwa baada ya mapacha Kulwa na Doto, anataka kuvuka ziwa kwenda Kamanga kumwona kaka yake:

"Bibi, Doto amesema kivuko cha saa nane hakijai watu."

"Doto ndiye aliyekuzaa?"

"Hapana, bibi."

"Basi."

"Ndiyo, bibi." Shija akachukua masufuria yaliyokuwa yameshaoshwa, akaanza kuyaosha tena, moja baada ya jingine, mpaka bibi akaja kusimama mlangoni na kumtazama.

Hakuna neno la utovu wa adabu lililosemwa, na bado vita vimeanza. Katika ukurasa unaofuata Shija anaweza kushinda au kushindwa, lakini nyumba itabaki nyumba ambayo msomaji anaitambua, na uamuzi utabaki mikononi mwa mtoto.

Hapa ndipo pa kukagua pia namna watu wanavyoitana. Mtoto anayesimulia kwa nafsi ya kwanza hawezi kuandika "Bi Rehema akaingia jikoni" ikiwa Bi Rehema ni mama yake mzazi; jirani kwake ni Mama Masanja, na mwenye duka anaweza kuwa baba mdogo hata kama hawana udugu wa damu. Jina la mtu mzima likitajwa waziwazi na mtoto, liwe na sababu, mathalani kwamba amelisikia likiitwa zahanati na limemshangaza kuwa mama ana jina.

Lugha ya mitaani na lafudhi zilizobandikwa

Mwandishi aliyeambiwa kwamba mtoto wake anasema kama mkubwa mara nyingi hukimbilia misimu ya vijana aliyoisikia redioni. Matokeo yake ni mtoto wa Buhongwa anayezungumza kama kijana wa miaka 19 wa Dar es Salaam, tena wa miaka kadhaa iliyopita, kwa sababu misimu huchakaa kabla kitabu hakijatoka kiwandani. Mtoto wa miaka 10 hutumia misimu hiyo anapotaka kuonekana mkubwa, na mwandishi akiitumia kwa lengo hilo tu itafanya kazi nzuri. Lugha yake halisi, yenye makali na sheria zake, inasikika kwenye michezo: nani amechungulia katika kombolela, gololi imetoka nje ya mstari au haijatoka, nani alisema "sichezi" halafu akarudi. Ugomvi wa mdako ulioandikwa vizuri hufundisha zaidi kuhusu sauti ya mtoto kuliko orodha ndefu ya maneno ya mtaani.

Suala la lafudhi linahitaji uangalifu mkubwa zaidi, na hapa nina msimamo mkali. Wapo wanaomtambulisha mtoto wa Kanda ya Ziwa kwa kuzibadilisha l na r katika kila neno lake, kama wafanyavyo wachekeshaji. Mtoto huyo anageuka kichekesho mbele ya wasomaji wanaozungumza kama yeye. Chanzo ni kwamba mwandishi anamsikia mtoto kutoka nje, ilhali mtoto mwenyewe haisikii lafudhi yake. Anasikia lafudhi ya mgeni. Ukiandika kwa nafsi ya kwanza, tahajia ya msimulizi iwe ya kawaida, na kama lafudhi ni sehemu ya hadithi, ijitokeze katika tukio: mtoto anasoma kwa sauti darasani, wengine wanacheka, naye hajui wanacheka nini.

Kisukuma, Kikerewe au Kijita viingie kwa kufuata mtu anayeambiwa. Mtoto yule yule anamwamkia babu yake kule Magu kwa "mwangaluka", anageuka na kumwita dada yake kwa Kiswahili, na Jumatatu anamjibu mwalimu wa zamu kwa Kiswahili kingine kabisa. Usiweke tafsiri baada ya kila neno, kwani kitendo cha anayejibu kinatosha kumwonyesha msomaji maana.

Mtoto wa leo anaishi katika utoto wa mwandishi

Ishara zake ni karabai katika kila mtumbwi wa dagaa, barua inayosubiriwa posta, na sentensi za aina ya "wakati huo sikujua kwamba". Mwandishi anachota kwenye kumbukumbu zake, jambo ambalo ni halali, lakini ameleta pamoja na kumbukumbu hizo umri alionao sasa. Ikiwa hadithi ni ya zamani, itangaze miaka yake na uishi ndani yake. Ikiwa ni ya sasa, kagua kila kifaa na kila njia.

Chukua safari ya kwenda Sengerema kupitia Busisi. Kwa wengi wetu safari hiyo ilikuwa foleni ya magari, kungoja kivuko, na wachuuzi waliokuwa wakipita kwenye madirisha ya basi. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na msomaji aliye darasa la tatu atavuka akiwa ameketi kwenye kiti chake. Mwandishi anaweza kuomboleza foleni ile, ila maombolezo hayo ni yake. Swali la mtoto ni jingine: kama mama yangu alikuwa akiuza pale kivukoni, sasa anauza wapi, na kwa nini anasema daraja ni zuri huku akiwa haliangalii? Kumbukumbu ya mwandishi imekuwa na manufaa, lakini imelazimika kupita kwa mtoto aliye hai leo.

Sentensi fupi mno

"Huyu ni Kulwa. Kulwa ana ndoo. Ndoo ina samaki." Hicho ni kitabu cha darasa la kwanza. Msomaji wa miaka 10 anaifuata sentensi ndefu bila taabu mradi inakwenda kama mtu anavyosimulia. Kinachomchosha ni dhana nyingi zilizopangwa katika sentensi moja, si urefu wake.

Huzuni inatajwa lakini haionekani

"Alihuzunika sana" ni dalili ya mwandishi aliyeogopa kumkaribia mtoto wakati wa maumivu, na katika mwambao huu woga huo unaeleweka. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, na kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Anayeandikia watoto wa huku hawezi kujifanya kwamba ziwa ni mahali pa kuogelea tu, na sidhani kwamba anapaswa kulificha jambo ambalo watoto wamelisikia wakiwa wamelala chumba cha pili.

Ila kipimo cha huzuni kiwe cha mtoto. Mtoto aliyezaliwa miaka mingi baada ya 1996 hana kumbukumbu ya meli hiyo. Ana bibi ambaye safari ya Bukoba huifanya kwa basi tu, na ambaye picha moja iliyopo ukutani huifuta vumbi yeye mwenyewe, hataki mjukuu aishike. Andika hilo, kisha mwache mtoto aulize swali lisilofaa kwa wakati usiofaa, kwa sababu ndivyo watoto wanavyofanya, na bibi ajibu au asijibu. Epuka kumpa mtoto sentensi ya kuwafariji wakubwa. Atakapotaka kufariji, atasogea karibu, au ataleta maji ya kunywa ambayo hayakuombwa.

Sauti inaanza vizuri na kufifia

Sura ya kwanza ina uhai, na kufikia ya tatu msimulizi amekuwa mtu yeyote. Sababu yake huwa ni msuko wa matukio: mwandishi ana taarifa nyingi za kupitisha, basi humfanya mtoto kuwa mjumbe wake. Toa aya moja ya sura ya kwanza na moja ya sura ya saba, ziandike kwenye karatasi moja bila majina, na umpe mtu asiyeijua hadithi aseme kama msimulizi ni yule yule. Akisita, tafuta katika sura ya saba mahali ambapo mtoto anaeleza jambo asilokuwa na sababu ya kulijali, na umpe sababu au ulitoe.

Huna hakika kama tatizo limekwisha

Wasomee watoto wenyewe, kwa ruhusa ya mwalimu au mzazi, na uwe makini na namna unavyowauliza. Ukiuliza darasa la tano "Mmeipenda hadithi?", utapata "Ndiyooo!" moja ya pamoja, ambayo ni salamu ya heshima kwa mgeni na haina habari yoyote ndani yake. Waombe badala yake wamsimulie hadithi hiyo mwenzao aliyekuwa nje. Watayaacha yale yasiyowagusa, na watayasema kwa maneno yao yale waliyoyaamini. Pale wanapombadilishia mhusika maneno, mara nyingi wao ndio walio sahihi, hivyo yaandike papo hapo. Usomapo, mmoja wao aliyekaa nyuma akikukatiza kwa kusema "Lakini mwalimu, bibi yake angejua tu," simama hapo, muulize angejuaje, na umwache aeleze mpaka mwisho.